Washika Benchi

"Uliambiwa ukae. Kukaa tu. Hata gunia la mkaa linaweza kukaa."

"Nilikaa."

"Ukalala."

"Nikapitiwa. Mtu hupitiwa."

"Gunia la mkaa halipitiwi."

"Basi ungelituma gunia, dada. Lingekuitikia nipo kwa sauti nzuri tu."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka. Mke wa kinyozi aliwahi. Kaja na ndoo kichwani, maji yanamwagika mpaka mlangoni kwa daktari, lakini aliwahi. Wewe una miguu kama ngazi, ukashindwa kutoka pale mpaka hapa."

"Miguu ilikuwepo. Nilikuwa nimelala nayo."

Cherehani ikanyamaza.

Nao wakanyamaza. Katika nyumba ile cherehani ikinyamaza ni kama mzee amekohoa, kila mtu anajikagua kasema nini. Lakini mama yao hakuwa na neno. Alikuwa anatafuta mkasi tu. Mkasi ulikuwa pale pale karibu na kiwiko chake cha kushoto, ila kushoto kwa mama kulikuwa kama shamba lililouzwa: anajua lipo, anajua mipaka yake, lakini si lake tena. Mkono ukapapasa meza, ukagusa rula, ukagusa kipande cha chaki, ukarudi mtupu. Kijana akausukuma mkasi kwa kidole mpaka ukavuka upande wa kulia, polepole, kama mtu ambaye hafanyi kitu. Mama akauona, akakata uzi, cherehani ikaanza tena.

Nao wakaanza tena, ila chini kwa chini.

Kijana huyo watu walimwita Spoku, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alikuwa fundi baiskeli pale kwenye kona, chini ya bati moja lililopinda. Shule aliiacha mapema, au shule ilimwacha yeye, inategemea unamuuliza nani. Huyo aliyekuwa anamtafuna ni dada yake mkubwa, dobi wa nyumba ya wageni, mwanamke mwenye viganja vilivyokunjamana kwa maji na ulimi usiokunjamana hata siku moja. Baba alishakwenda kule wanakokwenda akina baba wasiorudi. Nyumba ilibaki na mafiga matatu: kufua, kuziba pancha, na kola za mama.

Kola ndizo zilizobeba chungu. Mama alishona sare za shule, analipwa kwa kipande, na kola yake ilikaa kwenye shingo ya mtoto kana kwamba mtoto kazaliwa nayo. Halafu presha ya macho ikamvamia. Ugonjwa huo ni mwizi mstaarabu, havunji mlango. Anaanza pembeni, anachukua kidogo, kesho anachukua kingine, na katikati anakuachia ili usipige kelele. Mama alipokuja kushtuka, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda lote. La kulia lilibaki na kitundu, anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye kigurudumu cha uzi. Daktari wa macho alimwambia waziwazi: la kushoto tumelizika, hili la kulia bado linazuilika, njoo siku ya kliniki nilifanyie upasuaji mdogo wa kutoa maji, na usichelewe. Akampa miadi.

Miadi hiyo ndiyo iliyopita jana.

Sasa, ilipitaje? Hapo ndipo penye kichekesho, kama kuna mtu ana hamu ya kucheka.

Bima ya afya ya mtaa ule ilikuwa na miguu miwili. Baraza la mji lilisema, ninyi changeni nusu, na sisi tutaweka nusu. Mtaa ukachanga. Lakini mchango wa watu wanaokula leo wakiwaza kesho ni kuteka maji kwa pakacha, na mfuko ukawa haujai. Kamati ya mtaa ikakaa, ikajikuna vichwa, ikaja na faini. Mtu akikosa miadi, hapewi miadi nyingine mpaka alipe. Haikuwa roho mbaya. Daktari wa macho alitoka mbali, analipwa siku nzima, awe ameona watu au ameona kuta. Faini ikaanza kuingia, na kitu cha kwanza kununuliwa kikawa mabenchi mapya ya zahanati, mbao nzito, msumari umeingia barabara. Watu wakayapa jina, wakayaita makosa. Mtu akifika ukumbini anasema, "Hebu sogea, na mimi nikalie kosa langu."

Shida ni kwamba siku ya kliniki ni siku nzima. Karani alikuwa na miito miwili. Wa kwanza ni wa asubuhi, anaita majina yote, mwenye jina anasema nipo, anawekewa alama, faini imemkosa. Wa pili ni wa kuingia kwa daktari, na huo unaweza kukukuta adhuhuri, unaweza kukukuta jua linapoa. Katikati hapo unakaa. Na mtu anayelipwa kwa kipande, akikaa yeye na sufuria nalo linakaa. Ndipo watu wakaota ujanja. Unamtuma ndugu yako aitike mwito wa kwanza, anakaa kwenye nafasi yako, ukikaribia kufikiwa anakuja mbio kukuita. Kazi hiyo ikaitwa kushika benchi. Karani alijua. Anaitwa ajuza, inajibu sauti nene ya kijana, nipo, na karani anaweka alama bila kuinua uso. Naye alikuwa na mama yake nyumbani.

Basi jana Spoku alifunga kibanda chake, akaenda kumshikia mama benchi. Mama alikuwa na kola za kumalizia, msimamizi wa shule anazifuata mchana. Mwito wa kwanza ukapita, majina yote yakaitikiwa, hakuna aliyekosa. Ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Kushoto kwa Spoku alikuwepo kinyozi, kulia kwake mwanamke kijana mwenye khanga mpya, na mbele yao fundi viatu na gundi yake mkononi, anabandika soli hapo hapo.

"Wewe umemshikia nani?" kinyozi akauliza.

"Mama. Wewe?"

"Mke wangu. Yuko kwenye foleni ya maji. Kaniambia, nikirudi na ndoo nikute umepoteza nafasi, utanyoa nywele zako mwenyewe ukazilalie huko huko."

"Na wewe, shemeji?"

Mwanamke mwenye khanga akaona haya. "Baba mkwe. Anasema yeye hakai na wagonjwa, asije akaambukizwa uzee."

Wakacheka. Fundi viatu akasema yeye kamshikia shangazi yake, na shangazi yake kenda kumshikia jirani foleni ya mafuta, sasa kama kuna wa kumshikia yeye foleni ya choo ajitokeze. Wakacheka tena. Na katika cheko lote hilo hakuna aliyenyoosha shingo akatazama benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho na kujiuliza, hivi mgonjwa ni nani hapa? Spoku mwenyewe alitazama vichwa vilivyomtangulia, akasema moyoni, mpaka tufikiwe jua litakuwa utosini, mama ana muda. Kinyozi naye alisema hivyo hivyo. Wote walisema hivyo hivyo. Kila mtu kaegemea mgongo wa mwenzake, na benchi zima halikuwa na mgongo.

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Karani akaita jina la kwanza. Msichana mmoja akasimama, na badala ya kuingia kwa daktari akachomoka nje. "Anakuja, yuko karibu." Karani akaita la pili. Mzee akainuka, akavaa kandambili, akatoka nje. La tatu, nje. La nne, nje. Fundi viatu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, halafu likaitwa jina la shangazi yake. Akatoka na kiatu kimoja mkononi. Ukumbi ukawa kama vifaranga waliokiona kipanga. Mstari uliozoea kula siku nzima ukaliwa kabla chai ya karani haijapoa.

Daktari akatoa kichwa. "Wagonjwa wako wapi?"

Karani akasema, "Wapo, daktari. Wenyewe wamesema wapo."

Spoku hakungoja jina. Alikimbia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo dada yake halijui, na ambalo Spoku alikuwa anampa usingizi badala yake. Spoku hakusinzia hata kope moja. Alikimbia mpaka kifua kinawaka, akaruka mtaro, akafika mlangoni.

"Mama, twende. Mstari umekwisha."

"Mstari wa zahanati? Tangu lini?"

"Umeyeyuka, mama. Inuka."

"Mstari ule hauyeyuki, mwanangu, nimeukalia mimi mpaka nikaota sugu. Ngoja nimalizie kola hii."

"Mama."

"Hii tu. Msimamizi akikuta shati halina kola, hachukui hata zile nyingine. Hii tu."

Ilikuwa kola moja. Zamani kola moja kwa mama ilikuwa pumzi mbili, ukipepesa imeshakaa. Siku hizi alikuwa anaisogeza ncha mpaka iingie kwenye kile kitundu chake, anaikosa, anageuza kichwa kama kuku, anaipata. Spoku alisimama mlangoni mkono kwenye fremu. Angeweza kuuzuia ule mguu kwenye kanyagio. Angeweza kumbeba, mama yake hakuwa mzito. Lakini mama yule alikuwa hakokotwi, na yeye tangu azaliwe hakuwahi kumshika mkono bila kuombwa. Akabaki anasema, "Mama," na mama anasema, "Hii tu," mpaka ikaisha, ikanyooshwa kwa kiganja, ikakunjwa.

Mtu wa namna ile hakimbii barabarani. Walitembea. Walipofika, gari la daktari lilikuwa linatoka getini. Daktari aliwatazama kupitia kioo kama unavyotazama watu wowote waliosimama kando ya njia.

Wakarudi mpaka kwenye mtaro. Hapo mama akasema, "Dada yako atakula mtu." Spoku akasema, "Mwache anile mimi, sina nyama." Ndivyo usingizi ulivyozaliwa.

* * *

Asubuhi ya pili dada alifunga mkanda, akachukua fedha aliyoazima kwa mwenye nyumba ya wageni, akawabeba wote wawili mpaka kwa mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mkata vioo. Duka lake limejaa vioo vya ukutani, vikubwa kwa vidogo, kwa hiyo dada alipoingia na hasira moja zikaingia hasira kumi na kitu, kila ukuta dada kanuna. Mama alisimama katikati ya nyuso zake mwenyewe, na hakuna hata mmoja uliomwona.

"Faini hii hapa," dada akasema. "Mpe mama tarehe."

Mwenyekiti alikuwa anapitisha kisu juu ya kioo, kidole kikiongoza, taratibu, anausikiliza ule mkwaruzo. "Weka hapo, binti yangu. Lakini tarehe sina."

"Huna vipi? Kalamu imekwisha?"

"Daktari amekwisha." Akaweka kisu chini. "Baraza la mji walituma mtu juzi, siku hiyo hiyo ya kliniki, kuja kuangalia nusu yao inafanya nini. Kakuta ukumbi mtupu. Karatasi inasema watu wote wapo, chumba kinasema hakuna mtu. Kasema mtaa huu una vichekesho. Nusu yao wameivuta. Na nusu yetu peke yake haimleti daktari hata mpaka darajani."

"Kaenda wapi?"

"Ng'ambo ya reli. Wale wanakaa wenyewe."

"Basi na sisi twende huko."

"Nendeni. Ila kadi yenu ni ya hapa. Mfuko wa huku haulipi kule, na mfuko wa kule haumlipii wa huku."

"Atuandikie rufaa ya hospitali kubwa."

"Rufaa ya macho huandikwa na daktari wa macho."

"Ambaye hayupo."

"Ambaye hayupo."

Spoku akaingilia. "Na tukienda kwa madaktari wa kulipia?"

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomkera Spoku zaidi. "Mtauza cherehani, kijana. Na mkishauza cherehani, hilo jicho mnalitaka la nini?"

Dada akanyoosha mkono. "Basi nirudishie faini yangu."

"Nikishaipokea imeshaingia mfukoni mwa mtaa, siwezi kuitoa."

"Kwa hiyo nimelipia nini?"

Mwenyekiti akakishika tena kisu. Dada akaanza kupandisha, akamwambia ninyi mnaokaa kwenye kamati mnajua kukata watu kama mnavyokata vioo, mmeweka faini kwa sababu ninyi hamuugui. Mwenyekiti akamwacha mpaka akamaliza. Halafu akainua kile kioo alichokuwa anakata, akakileta karibu na uso, karibu sana, akageuza kichwa. Kama kuku. Spoku akaona.

"Ninayo hiyo hiyo ya mama yako," mwenyekiti akasema. "Miaka. Juzi nilimtuma mpwa wangu anishikie benchi, maana nilikuwa na dirisha la mtu la kumaliza. Mimi ndiye niliyeiandika ile faini, na mimi ndiye niliyeikimbia. Sasa nitukane vizuri, binti yangu, ukipata tusi linalonitosha niambie."

Dada akakaza mkanda wake. Akageuka na hasira zake zote ukutani zikageuka naye, wakatoka.

* * *

Watu wakaja na maneno ya kufariji, na maneno ya kufariji hayana bei ndiyo maana ni mengi. Kinyozi akasema baraza litarudi tu. Mke wake, yule wa ndoo, aliyefanyiwa jicho siku ile ile, akawa anapita njia ya nyuma ili asikutane na mama yao, kana kwamba kaiba. Dawa ya matone ya macho aliyopewa mama na daktari ikaisha. Spoku akawa anarudi mapema kutoka kwenye kona, anakaa kizingitini, anajifanya anasafisha mnyororo wa baiskeli. Alikuwa anahesabu mara ambazo mama anakosa tundu la sindano, halafu akaacha kuhesabu.

Siku moja msimamizi wa shule akarudisha fungu la mashati, akalitupa mezani bila salamu. Mama akalipapasa shati la juu. Kola ilikuwa imeshonwa kwenye mkono. Safi, imenyooka, mshono wa kiufundi kabisa, kwenye mkono.

Mama akacheka. "Shule hiyo ina watoto gani, shingo zao ziko begani?"

Hakuna aliyemsaidia kucheka. Dada alikuwa amesimama na beseni la nguo. Akaliweka chini. Akamwambia Spoku, "Kesho ng'ambo ya reli. Na safari hii ukipitiwa nitakuzika."

"Wataikataa kadi."

"Waikatae mbele yangu."

Mama akawa anafumua kola kwenye ule mkono, uzi baada ya uzi, kwa kucha.

Zahanati ya ng'ambo ya reli haikuwa nzuri kuliko yao. Rangi ilibabuka, mlango mmoja hauna kitasa. Mabenchi yalikuwa mabovu, ukiinuka wewe mwenzako anashuka. Lakini watu walikaa wenyewe. Wazee wenye macho yaliyofungwa bendeji, mama mmoja kajitanda khanga usoni kuzuia mwanga, kila mtu kakalia ugonjwa wake. Spoku aliwatazama akasikia wivu, na hakuwahi kudhani mtu anaweza kuonea wivu benchi la wagonjwa.

Karani wa kule alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili.

"Hii si ya huku, mama."

"Tunajua," dada akasema. "Mgonjwa ni wa daktari huyu huyu. Alimwambia asichelewe."

"Pole, dada yangu. Nikimwandika, mfuko wetu unamlipia mtu wa kwenu. Kesho wa huku akikosa, mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie alikuja mama wa watu na jicho moja."

"Hata huyo wa huku ana jicho moja." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kaeni mpumzike kama mnataka. Kukaa ni bure."

Wakakaa. Dada upande wa kulia wa mama, Spoku kushoto, upande uliouzwa. Daktari akatoka mara moja kunawa mikono kwenye bomba la ukumbini, yuko hatua chache tu, maji yanamtiririka viwikoni. Dada akasimama. "Daktari, mgonjwa wako huyu hapa." Daktari akamtazama mama, akamtazama vizuri, akakunja uso kama anayekumbuka. Akasema, "Mpeni karani kadi ya mama, nitamwona," akaingia ndani, mlango ukafungwa. Karani akainamisha kichwa.

Ndipo karani akaita jina la mwanamke fulani. Kimya. Akaliita tena. Watu wakageuzana shingo. Hakuna.

Dada akamkamata mama kiwiko. Akamnong'oneza, lakini mnong'ono wa dada ni sauti ya mtu mwingine. "Mama, itika."

Mama akashika ukingo wa benchi.

"Itika. Yeye hayupo, nafasi inapotea bure. Sema nipo."

Karani akaliita mara ya tatu, na kalamu imeshagusa karatasi. Spoku alikuwa hajaamua lolote. Mdomo wake ndio ulioamua, kwa mazoea, kama goti linavyoruka likigongwa.

"Yupo."

Ukumbi mzima ukamtazama. Karani akainua uso, akamwona Spoku, akamwona mama. Alijua. Alikuwa ameishika kadi ile mkononi muda si mrefu. Akasubiri, na Spoku akaona kabisa kwamba yule msichana alikuwa tayari kutokujua, kama yule karani wa kwao, mradi tu mtu ainuke aingie haraka.

"Basi aingie," karani akasema polepole.

Dada akamwinua mama. Mama akainuka. Mlango uko mbele yake, kwenye kitundu chake, umejaa kitundu chote, hakuna kingine cha kuona. Daktari ndani anagongagonga vyuma kwenye sinia. Mama akapiga hatua moja. Akasimama.

"Siye mimi," akasema.

"Mama," dada akasema kwa meno.

"Siye mimi, mwanangu. Mwenye jina yuko njiani." Akavuta pumzi. "Mtoto wake atakuwa amemfuata. Kamkuta anamalizia kola."

"Kola gani? Kola gani, mama?"

Mama akaugeuza uso kwa karani. Dada akamgeukia Spoku, na Spoku akatazama sakafu, na sakafu ikamwambia dada kila kitu. Uso wa dada ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Mkono wake ukalegea kwenye kiwiko cha mama.

"Angoje kidogo, binti," mama akamwambia karani. "Mngojee kidogo tu. Anakuja."

Karani akatazama mlango wa nje. Wote wakautazama. Nje palikuwa na jua na vumbi, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye nguzo. Wakangoja. Wakangoja mpaka ikawa aibu. Hakuna aliyekuja.

"Hayupo," karani akasema, akaandika. "Atalipa faini." Akaita jina lingine, na mzee mmoja akainuka kwa gongo lake, akaingia, mlango ukafungwa.

"Mama, rudi ukae," Spoku akasema. "Labda atatokea mwingine."

Mama akajitoa mikononi mwao, taratibu, kama mtu anayevua koti la kuazima. Akageuka. Paja lake la kushoto likagonga ncha ya benchi, likagonga kwa nguvu, mpaka waliokaa wakashtuka. Hakujipapasa. Akanyoosha mkono, akaupata ukuta, akaufuata kuelekea kwenye mwanga.